Sanduku la babu, mahame na "mali ya Mjerumani": kijiji kianzie wapi kutunza historia yake?

*Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata katika Wilaya ya Kongwa, na ndiko nilikozaliwa. Babu yangu alifariki mwaka jana akatuachia sanduku la bati. Ndani mna kadi yake ya TANU, stakabadhi za kodi, kitambulisho cha kazi cha enzi za mradi wa karanga, picha nne na daftari aliloandika kwa penseli, nusu Kiswahili nusu Cigogo. Mchwa wameshaanza kulila upande mmoja. Mjomba anataka tukavifanyie laminesheni mjini. Shangazi anasema tukivipeleka serikalini hatutaviona tena. Serikali ya kijiji nayo imependezwa, inataka tujenge makumbusho na tuwe na Siku ya Historia kila mwaka. Lakini wazee hawapatani hata juu ya asili ya jina la kijiji. Kila ukoo una habari yake. Na kule mahame, kijiji cha zamani kabla ya operesheni, vijana wanachimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani, wameshafukua kaburi moja. Tembe ya mwisho iliyobaki inaanguka. Mimi ni mwalimu wa hesabu tu. Nianzie wapi?"*

Marahaba, Mwalimu. Na kwa wote huko nyumbani, mbukwenyi. Poleni kwa msiba wa babu.

Umeniuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini niliposoma mara ya pili niliona hofu moja tu: kwamba vitu vinaondoka kwa kasi kuliko unavyoweza kuvidaka, na kwamba ukikosea hatua ya kwanza utakuwa wewe ndiye uliyeviharibu. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, jengo mnaloliweka mbele naomba mlisogeze nyuma kabisa. Katika vyote ulivyotaja, wanaotangulia kuondoka ni wazee. Karatasi za babu zikihifadhiwa vizuri zitakaa miaka 50 mingine. Mzee wa miaka 85 hatawasubiri mpate saruji.

Nianze na sanduku, kwa kuwa hilo ni la leo jioni.

Mwambie mjomba, kwa heshima zote, asubiri. Laminesheni ni karatasi za plastiki zenye gundi inayoyeyuka kwa moto. Gundi ile hupenya kwenye nyuzi za karatasi na haitoki tena, hata kwa fundi wa maabara. Picha za zamani ndizo huumia zaidi, kwa sababu taswira imekaa kwenye utando mwembamba kama wa jeli, na joto la mashine linaweza kuulainisha au kuubandua. Wino nao huweza kutambaa. Kisha asidi iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, ambayo ndiyo huifanya igeuke manjano na kukatikakatika, inabaki imefungiwa humohumo ikiendelea na kazi yake. Kitu kitang'aa siku ya kwanza, na siku kitakapohitaji matibabu hakitatibika. Gundi ya utepe ni ndugu yake: huacha doa la kahawia na kula maandishi.

Fungua sanduku nje, kivulini, mahali pasipo na upepo. Toa kila kitu, pangusa udongo wa mchwa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Ondoa pini, klipu na raba; pini hupata kutu, raba huyeyuka na kunata. Funga kila kimoja peke yake kwa karatasi nyeupe safi. Sanduku lirudi ndani ya nyumba, juu ya matofali au meza ya chuma, mbali kidogo na ukuta. Mchwa hutoka ardhini wakijenga njia zao za udongo, hivyo sanduku likiwa na nafasi pande zote, na ukalikagua kila mwezi, utawaona kabla hawajafika. Lisikae chini ya bati linalochomwa na jua. Watu wetu huweka majani ya mwarobaini kwenye nafaka na yanasaidia, lakini yasigusane na karatasi kwa sababu yanaacha madoa.

Halafu piga picha kila ukurasa kwa simu, barazani, mwanga wa saa 10 jioni, bila mmweko, simu ikiwa sambamba na karatasi. Piga pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu. Nyuma ya picha huwa kuna muhuri wa studio au jina lililofifia, na hilo peke yake linaweza kukupa mji na mwaka. Ukitaka kuandika kitu, tumia penseli laini, usitumie kalamu ya wino. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na maandishi madogo yanapotea. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayekaa mbali nanyi. Flashi peke yake usiiamini.

Kitambulisho kile cha mradi wa karanga, Mwalimu, usikidharau. Mradi ulianza Kongwa mwaka 1947 na Waingereza wakauacha mwaka 1951. Yaliyoandikwa juu yake ni mengi: matrekta, mibuyu iliyogoma kung'oka, udongo uliokauka kama tofali, mvua zilizokosa, na takriban pauni milioni 36 zilizoteketea. Ni mara chache utasoma alichokula dereva au mkata miti, alilala wapi, alilipwa nini, na alirudije nyumbani mashine ziliponyamaza. Babu yako alikuwamo. Kwa hiyo daftari lake huenda likawa na thamani kuliko jengo lolote mtakalojenga.

Sasa wazee. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu nilirekodi wazee 11 kwa kaseti. Juu ya kila kaseti niliandika "Mzee 1", "Mzee 2", nikijiambia nitakumbuka. Leo ninazo sauti. Mmoja anaeleza njaa kwa namna ambayo bado inanisisimua, na sijui ni nani. Wajukuu zake wangefurahi kumsikia, lakini sina pa kuwapelekea. Ndiyo maana nakuomba kila rekodi ianze na sauti yako mwenyewe ikitaja jina la mzee, jina la baba yake, ukoo, mahali mlipo, tarehe, na wote waliokaa hapo. Hawa wa mwisho ni muhimu, maana mzee akiwa na mkwewe pembeni hasimulii kama akiwa na mdogo wake.

Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya habari. Kaeni ndani au nyuma ya ukuta. Upepo wa Dodoma unavyovuma kuanzia Julai utakuharibia saa nzima kama mmekaa chini ya mbuyu, hata kama picha yake ni nzuri. Msimu ndio huohuo, baada ya mavuno ya uwele na mtama, watu wakiwa na nafasi. Usiende Januari mtu akiwa na jembe mkononi.

Umesema wewe ni mwalimu wa hesabu tu. Afadhali! Walimu wa historia huja na majibu mfukoni. Kazi hii inataka mtu wa kujumlisha na kutoa. Mzee hatakwambia "mwaka 1971". Atakwambia, "Wakati wa operesheni nilikuwa nachunga ndama." Mtoto wa Kigogo huchunga ndama akiwa na miaka kama 6 hadi 8, ng'ombe wakubwa baadaye. Operesheni Dodoma ilihamishia watu vijiji vya ujamaa mwaka 1970 na 1971. Toa, utapata alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1960. Chora kalenda yenu ukutani: njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, karanga ya 1947, uhuru wa 1961, kufutwa kwa uchifu mwaka 1963, kambi ya wapigania uhuru iliyoanza Kongwa mwaka 1964, operesheni, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za Elnino za 1997 na 1998. Kila tukio la ukoo litapata pa kuning'inia.

Kisha kuna swali moja ambalo ningelichonga kwenye mti kama ningeweza: "Uliona, au uliambiwa?" Mtunya ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi Ugogo, kisha mvua zikakosa. Aliyeishuhudia akiwa mtu mzima hayupo tena duniani. Mzee wako wa leo aliisikia kwa mama yake. Habari iliyopita kinywa kimoja ina thamani, ila ina tabia zake: majina ya wakubwa hubaki, ya wadogo hudondoka, njaa mbili hugeuka moja, na vizazi vitano hubanwa vikawa vitatu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kumbukumbu huhifadhi kinachotumika.

Hapo ndipo lilipo jibu la ugomvi wa jina la kijiji. Koo za Wagogo zenyewe husimulia kwamba zilitoka pande mbalimbali, nyingine Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru. Utemi ulishikwa na ukoo uliokubalika kuwa wenye nchi, na ndio uliotunza mawe ya mvua. Kwa hiyo mzee anapokwambia "sisi ndio tuliolipa eneo hili jina", anadai pia ardhi, mvua na heshima. Sheria ilifuta uchifu, madai hayakufutika. Mkiitisha mkutano wa kupitisha jina moja "sahihi", atashinda ukoo wenye diwani. Andikeni habari zote, kila moja na jina la aliyeisema. Ukutani ziwekwe sambamba. Mgeni atakayesoma asili mbili za jina moja atajifunza mengi juu ya kijiji chenu kuliko atakayesoma moja iliyopigwa muhuri. Na kabla hamjachapa chochote, tafuteni kitabu cha historia na desturi za Wagogo alichochapisha mshairi Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, mwaka 1954. Kisomeni baada ya kurekodi, msianze nacho, la sivyo wazee watawasomea kitabu.

Kina mama msiwasahau. Katika vikao vya "wazee wa kijiji" mara nyingi huitwa wanaume sita na mama mmoja wa kupika chai, ilhali nyimbo za muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo), habari za uzazi, za njaa, za nani aliolewa wapi, ziko kwa wanawake. Kuna mambo ya jando mzee atakayokwambia uzime simu. Zima. Na mwulize kila mmoja, sauti yake ikirekodiwa, kama anakubali isikilizwe shuleni, redioni au mtandaoni. Hayo ni maswali matatu tofauti.

Tuje mahame, na hapa sitapamba. Hakuna dhahabu.

Naelewa imani hiyo inakotoka. Wajerumani waliondoka haraka: Dodoma iliangukia mikononi mwa majeshi yaliyokuwa upande wa Uingereza mwezi Julai 1916. Watu waliona masanduku, waliona watu wakizikwa usiku. Ni kweli pia kwamba mwaka huohuo Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu kule Tabora, zile za rupia 15. Lakini jeshi linalorudi nyuma na halina fedha za kuwalipa askari wake halizikii dhahabu kwenye kijiji cha Wagogo. "Alama za Mjerumani" kwenye mawe, mara nyingi ukizitazama ni bikoni za wapima ardhi. Hata Kolo, Wilaya ya Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wamechimba wakitafuta mali hiyohiyo. Wameambulia mashimo.

Wanachoharibu ni kikubwa kuliko wanavyodhani. Udongo wa mahame umelala kwa matabaka: jivu la jiko, kigae, ushanga, mfupa wa mbuzi, kila kimoja kwenye kina chake, na kina hicho ndicho humwambia mtaalamu kipi kilitangulia. Sururu ikishapita, ushanga unabaki ushanga, lakini hausemi tena chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali, na kufukua kaburi ni kosa la jinai peke yake. Msitume wanafunzi kulinda usiku. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi, kisha mwandikieni afisa utamaduni wa wilaya. Mifupa ya kaburi lile msiikusanye na msiioshe; ifunikwe kwa udongo palepale, ukoo wake ujulishwe. Dawa ya kudumu ni kijiji kuyatenga mahame kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi na kutunga sheria ndogo, ambayo halmashauri ya wilaya itaithibitisha. Kaburi lenye wenyewe wanaolipalilia kila mwaka huchimbwa mara chache sana.

Tembe nayo ina adui aliyevaa nguo za rafiki. Mtakuja kushauriwa mpige plasta ya saruji. Msikubali. Ukuta wa miti na udongo hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huuziba, maji yanayoingia kwa paa au kwa msingi hayana pa kutokea, udongo ndani unageuka uji nyuma ya ganda gumu, na siku moja ukuta unaanguka wote. Mvua zenu ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini hushuka kwa ghadhabu. Zibeni nyufa kwa udongo uleule kila Novemba, chimbeni mfereji wa kutoa maji mbali na msingi, na kama mna bati, lijengeni juu kama kivuli kwa nguzo zake zenyewe lisiegemee ukuta. Kama boriti za paa zimeshaanza kupinda, mtu asiingie mpaka fundi aliyewahi kujenga tembe azione. Mtafuteni sasa, na mumrekodi akifanya kazi. Mkishindwa kabisa kuiokoa, ipimeni, ipigeni picha kila pembe, muiache iende. Nimeona vijiji vikimaliza fedha zote kwenye nyumba moja huku wazee watatu wakizikwa bila kuulizwa kitu.

Shangazi ana hofu ambayo siwezi kuifuta kwa maneno matamu. Vitu hupotea, hata maofisini. Lakini karatasi za ukoo ni mali yenu, hakuna anayewalazimisha kuzitoa. Mkibaki nazo, mnapata ukaribu na mnabeba hatari ya moto, mchwa na wajukuu kugawana. Mkiziweka shuleni, zitategemea wewe, na wewe ni mwalimu: barua ya uhamisho ikija, ufunguo unabaki kwa nani? Makumbusho nyingi ndogo hufia hapo. Mkizikabidhi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, zitakuwa mahali panapojua kazi hiyo, ila mtazifuata safari. Mimi ningechagua katikati: asilia zibaki kwenye ukoo kwa mtu aliyetajwa kwa maandishi, nakala zikae shuleni, na idara ipewe nafasi ya kunakili. Si lazima mfike Dar es Salaam; idara hiyo ina kituo Dodoma. Mkikabidhi chochote kwa yeyote, iwepo orodha yenye picha, saini za pande mbili, na sharti mlilokubaliana. Mkiwa huko ulizieni pia vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, na mtafute chini ya Mpwapwa na Jimbo la Kati, kwa sababu Wilaya ya Kongwa ya leo ilimegwa kutoka Mpwapwa baadaye.

Jengo basi? Kwa miaka mitatu ya kwanza, kabati moja la kioo lenye kufuli kwenye maktaba ya shule, nakala ndani, kalenda yenu ukutani, na simu yenye spika ya kuwasikilizisha watu sauti. Likijaa, jengeni.

Siku ya Historia iwe Agosti, na ianzie mahame kwa miguu, wazee wakibebwa kwa gari, kila mmoja aonyeshe nyumba yao ilikuwa wapi. Muheme upigwe na kina mama wa kijiji, msikodi kikundi cha mjini. Zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ziwepo kama wapigaji wapo. Nendeni mkatazame wenzenu wa Chamwino wanavyoendesha tamasha lao la muziki wa Cigogo. Mgeni rasmi apewe dakika tano, na zisiwe za kwanza. Akichelewa saa tatu, ngozi za ngoma zimeshapoa na wazee wameshakwenda kulala.

Njoo ofisi ya nyaraka au ya mambo ya kale wewe mwenyewe, usingoje majibu ya kuandikwa, kama kurasa za daftari zimeshikana au zina ukungu (msizibandue!), kama picha zimeganda kwenye kioo, kama mkikuta mwamba wenye michoro, ambao haumwagiwi maji ili uonekane vizuri kwenye picha, au kama wachimbaji wanarudi. Na kama kwenye nyumba ya babu kuna gobore, hilo ni la polisi kwanza.

Jambo la mwisho. Umesema daftari ni nusu Cigogo, lakini hukusema kama bibi yupo. Kama yupo, acha kabati, acha mkutano wa kijiji. Jumamosi hii kaa naye, msomee daftari ukurasa kwa ukurasa, simu ikiwa imewashwa. Atakukatiza. Atasema, "Hapana, haikuwa hivyo." Usibishane naye, na usizime.